Kuku wa chuma anaangukia pua: kutafuta ugonjwa wa AT-ST ndogo ya Lego

Mpwa wangu ana miaka 9 na ndiye mkaguzi wa kazi zangu. Asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, hupita kwanza mezani kwangu, kisha husimama mlangoni na kutoa taarifa: “Mjomba, kuku wako kasujudu tena.”

Kuku mwenyewe ni AT-ST, ule mtambo wa kivita wa miguu miwili wa filamu za Star Wars. Alipita haraka haraka kwenye filamu ya 1980, akapata nafasi ya kutamba kwenye ile ya 1983, katika vita vya msituni ambavyo picha zake zilipigwa kwenye miti mirefu ya redwood kaskazini mwa California. Jina la kuku si langu. Mashabiki wamemwita hivyo miaka mingi, na ukimtazama huwezi kuwalaumu: kichwa kikubwa cha kisanduku, shingo fupi, miguu myembamba inayokunjika kinyume na goti la mtu. Kwenye hadithi ana kimo cha mita 9 hivi. Wangu, wa vipande vya plastiki vya Lego vinavyoshikana, ana sentimita 10, kwa hiyo ni mmoja kwa tisini, na ana vipande 70 na kitu.

Udogo huo ndio unaoleta kesi. Mwaka 2006 Lego walitoa AT-ST ya vipande 1,068, na mnyama wa ukubwa huo ana mapaja manene ya kuficha fito na viungo vya kumbeba. Mdogo hana pa kuficha kitu. Kipande kilekile ni mfupa, ni ngozi, ni pambo. Ndiyo maana mtu aliyekwisha kujenga seti kubwa tatu bila kutoka jasho anaweza kukaa wiki nzima na kuku wa vipande 70 na asimsimamishe.

Jambo moja kabla hujashika chochote: usianze kutengeneza pale unapoona kasoro. Kichwa kikiinama, mkono unakwenda shingoni. Nami nilikaza shingo wiki mbili, na ugonjwa ulikuwa kwenye nyayo. Mtambo huu karibu kila anachoumwa juu amekipata chini, kwa hiyo dalili nimezipanga kuanzia miguuni kwenda juu.

Na tuelewane maneno. Vinundu ni vile vidoti vya juu vinavyoshika kipande kingine. Tofali ni kipande cha unene wa kawaida, kibapa ni chembamba, theluthi ya tofali, na kigae ni kibapa kisicho na vinundu. Ukisoma 1×2 au 2×4, ni hesabu ya vinundu kwa upana na urefu. Kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8. Kibapa kina unene wa milimita 3.2 na tofali 9.6. Tarakimu hizo tatu usiziweke mbali.

Anaangukia pua mara tu ukimwachia

Hii ndiyo dalili nyepesi kuiona, na ndiyo inayotibiwa ovyo kuliko zote. Unamweka mezani, unaondoa vidole, naye anakwenda mbele kama mtu aliyesukumwa mgongoni. Wengi hudhani viungo vimelegea. Mjaribu hivi: mshike kiunoni, mlaze ubavu hewani, umtikise kidogo. Miguu ikibaki ulivyoiweka, viungo havina kosa. Kosa ni mahali uzito ulipokaa.

Fikiria alivyoumbwa. Kidevuni ana mizinga pacha, mashavuni ana silaha nyingine, na paji la uso limesogea mbele. Vyote hivyo vimening'inia mbele ya shingo. Ukijenga kwa kutazama picha ya mbele, utaweka nyayo chini ya shingo, kwa sababu huko ndiko macho yanakoona mwili. Lakini uzito hauko shingoni, uko puani.

Mwashi ana kifaa cha ugonjwa huu: timazi. Ng'oa kichwa, kikalishe juu ya penseli iliyolazwa kukingama, ukisogeze mbele na nyuma mpaka kikae bila kuelemea upande. Pale penseli ilipo ndipo uzito wa kichwa unaposhukia. Bandika kipande kidogo cha selotepu ubavuni kama alama. Rudisha kichwa, mshike kuku wima, ning'iniza uzi wenye nati kutoka kwenye alama ile, halafu tazama kwa ubavu. Uzi unatakiwa ushukie katikati ya unyayo. Ukishukia kwenye kucha, umeshapata jibu lako.

Unyayo wa kuku wangu wa kwanza ulikuwa na vinundu 3 kwa urefu, yaani milimita 24, na uzi ulishuka milimita 4 tu kabla ya ncha ya mbele. Kichwa kiko kama milimita 80 juu ya meza. Nne kwa themanini ni mwinamo wa digrii 3, na kitambaa cha meza kilichokunjamana kinatoa digrii hizo bure. Uzi ulipohamia katikati, milimita 12 kutoka ncha, aliweza kuvumilia digrii 8. Mpwa wangu akapiga meza ngumi kuhakikisha. Kuku akatikisika, akabaki.

Milimita hizo zinapatikana kwa njia tatu, na sizipendi sawasawa. Ninayoipenda ni kusogeza nyayo mbele kinundu kizima chini ya kifundo: unapata milimita 8 na hakuna anayegundua, kwa kuwa kuku halisi naye huweka vidole mbele. Ya pili ni kurudisha kichwa nyuma nusu kinundu kwa kibapa cha 1×2 chenye kinundu kimoja katikati. Hapo unapata milimita 4. Kidogo, lakini mara nyingi ndizo zinazokosekana. Ya tatu ni kukipunguza kichwa uzito. Tofali moja la 2×4 lina gramu 2.3 hivi, na nimeona watu wakijaza kichwa matofali mawili kama hayo ndani, ambako hakuna jicho litakalofika. Kichwa kiwe ganda tupu. Ukiwa na kipande cha kuongeza uzito, kiweke kisogoni.

Kuna pia wanaomfunga kwenye kitako cha vibapa na kumaliza kesi. Usione aibu. Wale wa kwenye filamu ya 1983 walisogezwa picha moja baada ya nyingine na kina Phil Tippett wa kampuni ya picha za hila, Industrial Light & Magic, na katika ufundi wa aina hiyo ni desturi kuifunga miguu ya sanamu kwenye jukwaa lake ili isianguke kati ya picha na picha. Hata hivyo mimi nataka kuku anayesimama mwenyewe, na nadhani wewe pia, ndiyo maana uko hapa.

Usiku kasimama, asubuhi kasujudu

Hapa ndipo viungo vinapostahili lawama. Kuku anaondoka wima taratibu, milimita kwa milimita, saa nyingi, mpaka uzi wa timazi unapotoka nje ya unyayo, ndipo anapolala. Hukuti alama ya kuanguka. Unamkuta tu kainama, mizinga imegusa meza, kwa adabu kabisa.

Chanzo kinategemea kiungo ulichotumia, kwa hiyo tazama magoti na vifundo.

Kijiti na kibanio ndiyo mtindo wa haraka, kwa sababu vipande hivyo vimejaa kila mfuko. Kibanio hushika kijiti kwa msuguano tu, na eneo linaloshikana ni dogo. Kinatosha kubeba bendera au mkono wa roboti. Hakitoshi kubeba kichwa kikiwa sentimita 8 juu. Vibanio viwili sambamba kwenye kijiti kimoja huongeza mshiko, na hilo ndilo jaribio la kwanza kabla hujabomoa. Kibanio cha zamani chenye mstari mweupe kwenye mkunjo usikipe kazi ya mguu. Ule mstari ni mwanzo wa ufa.

Viungo vya gololi, vile vidogo vilivyokuja na mfululizo wa Mixels mwaka 2014, vina mshiko mzuri zaidi na vinazunguka pande zote. Hapo hapo ndipo penye shida: kiungo kinachozunguka pande zote kinaweza kuanguka pande zote. Ukiviweka kwenye kiuno, goti na kifundo, una viungo sita, na kila kimoja kinadokoa kidogo. Weka gololi kiunoni tu, kwingine weka kitu kisichogeuka.

Bawaba za meno hazitelezi kwa sababu kila mkao umefungwa na jino. Lakini zinaruka kwa hatua za digrii 22 hivi. Utataka digrii 30 na hutazipata. Kwa kuku mdogo nazo ni nene, goti linaonekana kama limevimba.

Kuna sababu nyingine ndogo ambayo nilichelewa kuifikiria: mafuta ya vidole. Kiungo kilichochezewa miezi mingi na mikono iliyotoka kwenye sambusa kinateleza. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kianike kivulini. Maji yasizidi digrii 40, maana ya moto huumbua plastiki, na usitumie mashine ya kukaushia nywele.

Sasa maoni yangu, na najua wapo watakaobisha. Kuku wa sentimita 10 hahitaji goti linalokunjika. Tangu nilipojenga miguu isiyosogea, kwa vibapa vilivyopangwa ngazi ngazi na kipande kimoja cha mshazari nyuma ya kifundo, taarifa za asubuhi zilikoma kwa upande huu. Unapoteza uwezo wa kumweka kwenye mkao wa kutembea. Unapata usingizi.

Miguu inatanuka kando

Kuku anachuchumaa mpaka kiuno kinagusa meza, kama mtu aliyekanyaga maganda ya ndizi kwa miguu yote miwili. Chanzo ni kimoja karibu kila mara: kila mguu umeshikwa kiunoni na kinundu kimoja. Kinundu kimoja ni ekseli, kimetengenezwa kuzunguka, nacho kinafanya kazi yake.

Mguu uguse kiuno mahali pawili. Kama nafasi hairuhusu, pitisha kijiti kimoja kutoka paja la kushoto hadi la kulia katikati ya kiuno, ili miguu ivutane yenyewe kwa yenyewe badala ya kila mmoja kuning'inia peke yake. Kwa kuku mwenye kiuno cha upana wa vinundu 2, kijiti cha urefu wa vinundu 4 kinatosha. Ukikosa kijiti, tumia fito yenye umbo la msalaba pamoja na matofali yenye tundu la umbo hilohilo. Ni nene kidogo lakini haigeuki.

Dalili hii huja pia na mwenzake: mguu mmoja uko mbele ya mwingine bila wewe kutaka. Dawa ni ileile.

Kichwa kinang'oka ukikigeuza

Kama kinatoka kikienda kushoto tu, usibadilishe shingo. Kuna shavu linalogonga kiuno. Tazama kwa usawa wa macho wakati unakigeuza taratibu, utaona pahali kinapopanda juu badala ya kuzunguka. Ongeza kibapa kimoja cha duara shingoni, milimita 3.2 zinatosha kupisha. Ukiongeza viwili shingo inakuwa ya twiga.

Kama kinatoka kikienda popote, shingo ina kinundu kimoja na kichwa ni kizito. Weka kizungushi cha 2×2.

Anasimama, lakini hafanani

Hili ndilo lililonipotezea jioni nyingi zaidi, na halina timazi. Kuku yuko wima, haanguki, na mgeni akija anauliza kama ni kamera au ni bomba la maji.

Chanzo cha kawaida ni kuanza kujenga na miguu. Nilisema ugonjwa unatafutwa kuanzia chini, na sijabadilika, lakini kipimo kinaanzia juu. Anayemfanya AT-ST atambulike ni uso, si miguu: madirisha mawili membamba, kidevu chenye mizinga, mashavu yaliyobinuka. Uso ukishapata upana wake, chukua picha ya mbele, pima kichwa kwa rula, pima kimo chote, gawanya. Uwiano huo ndio utakaoamua miguu iwe mirefu kiasi gani. Mimi nilijenga miguu mizuri kwanza, kisha nikatafuta kichwa cha kuitosha, nikapata kichwa cha upana wa vinundu 6, na tukarudi kwenye kusujudu.

Upana wa kichwa uwe witiri. Ukichukua 3 unapata jicho, pua, jicho, na mizinga inakaa katikati bila kubembeleza. Ukichukua 4, katikati kuna mstari wa kuungana na hakuna kinundu cha kushikia mzinga, itakubidi urudi kwenye kile kibapa cha kinundu kimoja ili upate katikati ya kweli. Inawezekana, lakini kwa nini ujitese?

Madirisha nayo yana hila ninayoipenda kuliko zote. Kuna tofali dogo la 1×1 ambalo wajenzi hulitumia kwa taa za magari: mbele lina kinundu kilichozama kidogo, nyuma lina tundu la mraba. Kila mtu huliweka kinundu mbele. Ligeuze, kisogo kije mbele, na lile tundu la mraba linakuwa dirisha. Mawili, kushoto na kulia, kibapa cha 1×3 juu yake kama paji la uso, kipande cheusi nyuma ili mwanga usipite. Ghafla kisanduku kinakutazama. Usiku nilipogundua hilo nilimwita mpwa wangu, na kwa mara ya kwanza hakutoa kasoro, aliuliza tu kama dereva anaona kitu kwa vitundu vile.

Kosa la mwisho la uso ni kupenda mapambo. Kigae chenye mistari ya wavu kinapendeza, na ukiwa nacho kimoja kila shavu, kichwa kinaonekana cha chuma. Ukiweka vinne, kinaonekana redio.

Ubavuni kuna ufa mwembamba

Umegeuza vipande vitazame upande ili mashavu yawe laini, na sasa kuna ufa ambao haufungi kwa kibapa wala kwa kigae. Hujakosea kujenga, umekosea kuhesabu. Lego kwa kwenda juu inahesabiwa kwa 3.2 na kwa kwenda kando inahesabiwa kwa 8, na hesabu hizo mbili hazikutani popote unapotaka wewe.

Zinakutana hapa: vibapa 5 ni milimita 16, na vinundu 2 ni milimita 16. Kwa hiyo shavu lililojengwa kwa ubavu likijaza unene wa vibapa 5, litakaa sawasawa ndani ya nafasi ya vinundu 2. Ukiwa na nafasi ya kinundu 1 tu, unahitaji vibapa viwili na nusu, na nusu hiyo, milimita 1.6, ndicho kina kile ambacho kinundu cha tofali la taa kimezama. Ufa ukiwa wa nusu kibapa hivyo, jibu liko kwenye tofali hilo.

Na kama ufa unaonekana tu ukiwa umemshika dhidi ya dirisha, mwache. Hakuna anayekuja kumkagua na kurunzi.

Kijivu hakilingani

Umekusanya vipande vya kijivu kutoka mifuko mitatu, umemaliza, na mguu mmoja una rangi ya saruji mbichi, mwingine ya majivu ya jiko. Si macho yako. Mwaka 2004 Lego walibadilisha kijivu chao: cha zamani kina umanjano kidogo, kipya kina ubluu. Kwenye taa ya ndani hutaona tofauti. Kwenye jua la saa nne asubuhi utaiona kutoka upande wa pili wa chumba.

Panga vipande vyote kwenye karatasi nyeupe mchana, karibu na dirisha, kabla ya kujenga. Kijivu cha zamani kipeleke ndani ya kichwa au chini ya nyayo, au kiamue kuwa rangi ya kiuno chote, ili tofauti ionekane ya makusudi. Kuchanganya kidogo kidogo ndiko kunakoharibu.

Vipande vilivyogeuka njano kwa jua ni kesi tofauti. Wakusanyaji huvirudishia rangi kwa kuviloweka kwenye dawa ya haidrojeni peroksaidi. Inafanya kazi, ingawa njano inaweza kurudi. Kwa kuku wa vipande 70 sioni faida, vitie tu ndani.

Kimepasuka, kimelegea, kimeng'ang'ania

Kipande kipya kinachogoma kushika, au kinashika mpaka kinauma vidole, huenda si cha kampuni moja na wenzake. Tazama juu ya kinundu kwa kioo cha kukuzia, jina la Lego limechapwa pale. Nilinunua mfuko mzima mnadani kwa muuzaji aliyeniapia kila kitu ni halisi. Nusu havikuwa na jina. Sisemi vipande vya namna hiyo havifai, vingine vinashika vizuri sana. Usivichanganye miguuni tu, maana tofauti ndogo sana ya kipimo ikirudiwa mara nane kwenye mguu mmoja inatosha kumfanya kuku achechemee.

Rangi nazo zina tabia. Vipande vya hudhurungi vya miaka ya 2000 vinajulikana kwa kuvunjika vikivutwa kidogo, hasa vibanio na vijiti. Ukitaka magogo ya msitu kwenye kitako chako, yajenge mara moja na usiyang'oe. Na magogo yana haki ya kuwepo: kwenye ile filamu ya 1983 mmoja wa kuku hawa alimalizwa na magogo yaliyobingirishwa miguuni pake. Mizinga yote ile juu, akaangushwa na kitu kilichopita chini ya nyayo.

Vibapa viwili vilivyong'ang'aniana havitaki meno. Kila aliyejenga utotoni ana alama za meno kwenye vipande vyake, nami nina zangu. Tumia kile kibanduzi cha plastiki. Kama huna, bandika tofali la 2×4 juu na jingine chini, kisha yakunje kama unafungua kitabu. Kisu kinafaa mkate.

Kipande kisichopatikana kabisa kitafute BrickLink, soko la vipande lililoanza mwaka 2000 na ambalo Lego wenyewe walilinunua mwaka 2019. Angalia gharama ya posta kabla ya kufurahia bei, na agiza kila unachohitaji kwa muuzaji mmoja. Ukichora kuku wako kwanza kwenye programu, kumbuka itakubali kupaka kipande rangi yoyote uitakayo, hata rangi ambayo kiwanda hakijawahi kuitoa. Nilipanga mashavu mazuri sana ya aina hiyo.

Kila kitu kiko sawa na bado anaanguka

Timazi imeshuka katikati. Viungo havisogei. Miguu haitanuki, kichwa ni ganda tupu, kijivu ni kimoja. Juzi kuku wangu alifika hapo, nikalala nikijua asubuhi hakuna taarifa.

“Mjomba, kasujudu.”

Nilimsimamisha tena, nikamtikisa, hakuanguka. Nikamgeuza atazame ukutani, akasimama. Nikamrudisha kutazama dirishani, nikaondoka kwenda kuchukua chai, nikasikia kale kasauti ka plastiki kwenye mbao. Mpwa wangu alikuwa amekaa sakafuni wakati wote huo, na kutoka kule chini aliona nisichokiona. Alibonyeza kona ya meza kwa kidole, ikashuka. Akaachia, ikapanda.

Tumekunja kipande cha boksi la maziwa mara nne, tumekipenyeza chini ya mguu wa meza, upande wa dirishani.